Kuhama na Kuhamia: Idadi ya Watu wa Kakamega

Makala haya yanadai kuwa ongezeko la watu halielezwi na uzazi pekee. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 1,660,651 katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Kakamega. Ile ya 2019 ikapata 1,867,579. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 12, ilhali Kenya nzima iliongezeka kwa asilimia 23. Je, watu wa Kakamega wameacha kuzaa? Hasha! Kwa maoni yetu, jawabu kubwa limo katika kitenzi *hama*. Kauli ya kutendea hukipa mwelekeo: mtu huhama Kakamega, huhamia Nairobi. Dhahabu ilipogunduliwa hapa mwaka 1931, Kakamega ndiyo iliyohamiwa; leo ndiyo inayohamwa.

Isitoshe, sensa humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, wala si anapopaita nyumbani. Aliyelala Kawangware alihesabiwa Nairobi, hata kama kitovu chake kimezikwa Shinyalu. Na kwa kuwa idadi ya watu ni kigezo kimojawapo cha kugawia kaunti fedha, anayehama huondoka na sehemu ya fungu la zahanati ya kwao, ingawa hurudi kila Desemba.