Kuona, kutaja, kukaa pamoja: somo kutoka kwa mpiga picha Ansel Adams

Utangulizi

Mwaka jana, nikiwa katika mazoezi ya ualimu, niliandika ubaoni insha fupi juu ya mvua, nikawaambia wanafunzi: "Andikeni kama hii." Nilipokusanya madaftari nilikuta mvua yangu mara 32. Kosa lilikuwa langu: niliwapa kitu cha kuiga, sikuwapa njia. Tangu siku hiyo nimetafuta tofauti kati ya kufanya vizuri na kufundisha vizuri. Nimeipata kwa mtu asiye wa fani yetu, Ansel Adams (1902–1984), mpiga picha wa mandhari wa Marekani.

1. Kuona

Adams alizaliwa San Francisco. Mwaka 1916 wazazi wake walimpeleka katika bonde la Yosemite, California, wakampa kamera ndogo. Kwa miaka mingi baadaye alidhani kazi yake itakuwa piano. Tarehe 10 Aprili 1927 alipanda mlima akibeba kamera nzito ili apige picha ya jabali la Half Dome. Vioo vya kupigia vilikuwa vimebaki viwili. Cha kwanza alikipiga kwa kichujio cha njano. Kisha akatambua kwamba picha hiyo haitakuwa ile aliyoiona moyoni: jabali kubwa mbele ya anga nyeusi. Akaweka kichujio chekundu, ambacho huzuia mwanga wa buluu, akatumia kioo cha mwisho. Picha ikatoka kama alivyoiona. Tangu hapo alishika kanuni moja: picha iliyokamilika ionekane akilini kabla ya kupigwa.

2. Kutaja

Lakini utamfundishaje mwingine kuona? Mnamo 1940, akifundisha Los Angeles, Adams na mwenzake Fred Archer walitunga mfumo wa ngazi 11, kutoka 0, nyeusi kabisa, hadi X, nyeupe kabisa. Ngazi ya V ni kijivu cha katikati. Kupanda ngazi moja ni kuongeza mwanga maradufu.

Tuchukue mfano. Kipimamwanga hakijui theluji wala makaa. Kila kitu hukihesabu kuwa kijivu cha katikati. Ukikifuata bila kufikiri, theluji itatoka rangi ya majivu. Anayejua mfumo hujiuliza: nataka theluji hii ikae ngazi gani? Akichagua VII, ataongeza mwanga kwa ngazi mbili.

Kwetu sisi wa lugha jambo hili si geni. Kiswahili kina nyeusi ti na nyeupe pe, ncha mbili, na katikati kijivu, neno lililozaliwa na jivu. Adams alijaza nafasi zilizobaki kwa namba, ili mwalimu na mwanafunzi wawe na jina moja kwa kitu kimoja.

3. Kukaa pamoja

Mwaka 1940 aliendesha semina Yosemite, na kuanzia 1955 hadi 1981 alifundisha huko kila mwaka. Wanafunzi walikaa siku kadhaa palepale bondeni. Faida yake ni wazi: jabali la alfajiri si jabali la adhuhuri, na aliyekosea asubuhi anaweza kurudi jioni mahali palepale.

Mfumo haukuwaamulia picha. Wawili wanaweza kuliweka jabali lilelile, mmoja ngazi ya III, mwingine ya VI, na wote wakawa sahihi. Adams mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mpiga piano, alifananisha negativu na muziki ulioandikwa, na picha ya karatasi na muziki unaopigwa. Negativu yake ya 1941 ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez aliichapa mara nyingi, na kadiri miaka ilivyopita anga yake ilizidi kuwa nyeusi.

Hitimisho

Nilirudi darasani bila insha ya mfano. Niliuliza tu: mvua yako inaanza kwa sauti, kwa harufu, au kwa giza? Nani anaiona? Makosa ya sarufi yalibaki mengi. Lakini katika daftari moja mvua ilimkuta mama akifunika makaa yake ya kuuza, na hakuna aliyeandika mvua yangu.

Zoezi: Simama mbele ya kilima cheusi cha mabaki ya shaba hapa Lubumbashi, asubuhi, kisha saa sita mchana. Andika sentensi tano kila mara bila kutumia neno "nyeusi". Linganisha na mwenzako.