SOMO: WAKATI BWANA AU BIBI ANAANZA KUPOTEZA UKUMBUSHO

Masomo: 2 Samweli 19:31-39, Mhubiri 4:9-12, 1 Yohana 4:1, Wagalatia 6:2

Leo tunafundishana juu ya mzigo unaoingia katika nyumba za wazee wetu: munganga amepima baba au mama, na amesema ni ugonjwa wa kupoteza ukumbusho, unaoitwa demansi. Walienda wawili, wakarudi wawili, lakini kila mmoja amebeba hofu yake peke yake. Tushike neno hili: ugonjwa uko katika kichwa cha mmoja, lakini maumivu ni ya wote wawili, na wote wawili wanahitaji faraja.

1. Ni ugonjwa, si uchawi
Katika dunia watu zaidi ya milioni 55 wako nao. Katika mwaka 1901, kule Frankfurt, Ujerumani, mfanyakazi mmoja wa reli alipeleka bibi yake Auguste hospitali. Mama huyo alikuwa na miaka 51. Alianza kwa wivu: alimshitaki bwana wake juu ya wanawake wengine, kisha akasahau mambo mengi. Alipokufa, katika 1906, munganga Alzheimer alipima ubongo wake na kukuta umeharibika. Jina la munganga huyo ndilo jina la aina ya demansi inayopatikana zaidi.

Basi mgonjwa akisema bibi yake ameiba makuta au anazini, mara nyingi ni ugonjwa unaosema. Na sisi tunaosikiliza manabii, tujichunge. Kidole kikionyesha bibi, au mzee mwenyewe, kwamba ni mchawi, nyumba inavunjika wakati inahitaji nguzo. Yohana anatuagiza kupima kila roho.

Tusali, na twende hospitali pia. Dawa ya kuponya demansi haijapatikana, lakini kuna kusahau kunakotoka kwa huzuni nzito, kwa kukosa vitamini B12 au kwa ugonjwa wa tezi ya shingo, na huko kunatibiwa. Hapa Lubumbashi tuko na kituo cha Joseph Guislain, kinachotunza wagonjwa wa akili.

2. Kwa mgonjwa
Barzilai alikuwa na miaka 80. Alimwambia mfalme Daudi wazi kwamba hapambanui tena mambo, wala hasikii utamu wa chakula. Hakuficha, na mfalme hakumdharau: alimbusu na kumbariki. Baba, mama, wakati maneno yako ungali nayo, sema na mwenzako juu ya hofu yako, juu ya lupango, juu ya watoto na deni. Kusema mapema kunapunguza ugomvi wa kesho.

3. Kwa mwenzake
Utachoka. Utakasirika. Utalilia mtu ambaye angali anakula bukari mezani pako. Machozi hayo si zambi. Baba akiamka saa tisa ya usiku kutafuta viatu vya kazi aende Gécamines, na pensheni aliingia zamani, usimpigie kelele. Kubishana hakurudishi ukumbusho. Umuulize juu ya ile kazi, umsikilize, kisha umrudishe polepole kitandani. Atasahau maneno yako, lakini uchungu au amani unayomwachia inaweza kubaki moyoni mwake.

4. Kwa kanisa
Hapa kwetu Kamalondo tunaishi karibu-karibu. Hakuna sababu ya mama mmoja kulinda mlango usiku na mchana. Mashemasi wapange zamu: mmoja akae na mgonjwa siku ya soko, mwingine amsindikize kanisani na kukaa kando yake. Tusimcheke akirudia swali lile lile mara kumi. Na tukifika, tumsalimie mgonjwa, kisha tumuulize bibi au bwana wake: "Na wewe, ulilala?"

Maswali ya kujibu pamoja
- Nani katika avenyu yako anatunza mwenzake bila msaada?
- Ni maneno gani tunayosema juu ya wazee wanaosahau, na tunapashwa kuyaacha?
- Juma hili, utamwachia nani saa mbili za kupumzika?

Bwana awatie nguvu wale wanaokumbuka kwa ajili ya wawili. Amina.