Kiota cha Simurgh Mlimani Alborz



Katika somo letu la leo tutazame kisa cha kale kutoka Uajemi, nchi ambayo siku hizi huitwa Irani. Kimo katika Shahnameh, maana yake Kitabu cha Wafalme, utenzi mrefu ambao mshairi Ferdowsi aliumaliza mwaka 1010. Ni hadithi, wala si historia, lakini yatupasa kuisikiliza.

Kisa chenyewe

Shujaa mmoja, jina lake Sam, alitamani sana kupata mtoto. Akazaliwa mtoto wa kiume, mzuri wa sura, ila nywele zake zilikuwa nyeupe kama za mzee. Juma zima likapita, hakuna aliyethubutu kumwambia baba. Hatimaye yaya mmoja jasiri akampasha habari. Sam akaona haya, akaogopa kuchekwa, akaamuru mtoto akatupwe mbali, katika mlima Alborz.

Kileleni, mahali wasipofika watu, ndege mkubwa wa ajabu aitwaye Simurgh alikuwa na kiota chake cha mpingo, msandali na udi. Aliposhuka kutafuta chakula alimwona mtoto akilia, akambeba awe chakula cha makinda. Lakini Mungu alimtia huruma, naye akamlea pamoja na makinda yake. Mtoto huyo ndiye Zal.

Miaka ikapita. Wasafiri wakamwona kijana yule mlimani, na habari zikamfikia Sam. Kisha akaota ndoto, akakemewa: ikiwa nywele nyeupe ni aibu, mbona ndevu zako mwenyewe zimekuwa nyeupe? Sam akaenda hadi chini ya mlima, asione njia ya kupanda. Akaomba rehema. Zal hakutaka kuondoka, lakini Simurgh alimshusha, akampa manyoya yake ayachome siku ya shida. Baadaye Rudabeh, mke wa Zal, alipozidiwa na uchungu wa kuzaa, Zal alichoma unyoya. Simurgh akaja, akafundisha namna ya kumpasua ubavu na kumshona. Akazaliwa Rostam, shujaa mkuu kuliko wote.

Tunajifunza nini?

Kwanza, mtoto hakuwa na kosa. Haya ya baba ndiyo iliyomtupa. Wasomi wengine hudhani Zal alikuwa na ualbino. Twajua leo kwamba ualbino hurithiwa kwa wazazi wote wawili, hata kama wao wenyewe hawauonyeshi. Si laana, wala si kosa la mama. Mtoto huyo ahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu, na kiti cha mbele darasani kwa sababu macho yake ni dhaifu. Na jina la “zeruzeru” tuliache, maana ni tusi.

Pili, kimbilio ni jema, lakini si mwisho wa safari. Hapa Tanzania, katika miaka ya 2000 na baadaye, watu wenye ualbino walishambuliwa na kuuawa kwa ajili ya ushirikina. Watoto wengi walipelekwa kwenye shule zenye mabweni, kama Kabanga huko Kasulu na Buhangija huko Shinyanga, wapate usalama. Wapo waliokaa huko muda mrefu bila kutembelewa na wazazi wao. Simurgh alimpenda Zal, lakini hakumfanya kuwa wake milele. Kiota kilikuwa cha kumkuza, na kwao palikuwa kwa watu.

Tatu, Sam ndiye aliyefunga safari. Hakumngoja mwana atafute njia ya kushuka. Aliyemtupa mtu ndiye apaswaye kwenda kumtafuta, na jirani wampokee bila vicheko.

Nne, yule aliyetupwa akawa baraka. Msaada uliomwokoa Rudabeh ulitoka katika kiota kile ambacho Zal alifikia kwa kutupwa. Twaweza kujiuliza ni akina Rostam wangapi tumewakosa kwa kuwatupa baba zao.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini watu wa nyumbani mwa Sam walinyamaza juma zima? Sisi hunyamazia nini?
2. Je, yuko mtoto wa mtaani kwetu anayeishi mbali kwa sababu ya hofu? Ni nani atakayekwenda kumtembelea, na lini?
3. Tufanye nini ili akirudi akute kwao ni salama?