Mwanafunzi wa Saikolojia Mitaani: Nafasi ya Kiswahili katika Mafunzo kwa Vitendo Jijini Eldoret

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi, kilio humfichua. Aghalabu methali hii hutumiwa kuhusu maradhi ya mwili, lakini huenda inayafaa zaidi maradhi ya nafsi. Haya hayana jeraha la kuonyeshwa daktari, wala homa ya kupimwa kwa kipimajoto. Njia kuu ya kuyafikia ni maneno ya mwenye kuumwa. Kwa hivyo, chombo cha kwanza cha mwanasaikolojia ni lugha.

Makala haya yanajadili mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi wa saikolojia vyuoni, hususan yale yanayowapeleka katika jamii. Mifano yetu mingi inatoka Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Katika mitaa kama West Indies (jina la visiwa vya Karibi lisimpotoshe msomaji), Langas, Huruma na Munyaka, Mnandi, Mluhya, Mkikuyu na Mjaluo huishi ua kwa ua. Kinachowaunganisha sokoni, kliniki na kwenye matatu ni Kiswahili. Hata hivyo, mwanafunzi anayetumwa kuwasikiliza watu hawa amesoma saikolojia yake yote kwa Kiingereza. Hoja yetu ni kwamba pengo hili si dogo. Lisipozibwa, mwanafunzi anaweza kuandika jambo ambalo hakuambiwa na kukosa kuandika lile aliloambiwa.

2.0 Misingi ya Mafunzo kwa Vitendo

Wazo la kujifunza kwa kutenda si geni. Mwaka 1938, mwanafalsafa wa Marekani John Dewey alichapisha kitabu kuhusu tajriba na elimu. Mwaka 1984, David Kolb alieleza mzunguko wa hatua nne: mtu hupata tajriba, huitafakari, huunda dhana kutokana nayo, kisha huijaribu dhana hiyo katika hali mpya. Jambo la kuzingatia ni kwamba tajriba peke yake haimfunzi mtu. Mwanafunzi anayekwenda mtaani na kurudi bila kutafakari amefanya matembezi tu.

Katika saikolojia, mwelekeo wa kuitazama jamii nzima badala ya mgonjwa mmoja uliimarika baada ya kongamano la Swampscott, Marekani, mwaka 1965, ambako taaluma ya saikolojia ya jamii ilizaliwa rasmi. Afrika Mashariki nayo haikuwa nyuma katika fikra za namna hii. Mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akipinga elimu inayomtenga msomi na watu wake. Ingawa hakuwa akizungumzia saikolojia, swali alilouliza linatuhusu: je, elimu inamrudisha mwanafunzi kwa jamii yake, au inamtoa humo?

3.0 Mifano ya Utekelezaji

Mjini Eldoret, mfano ulio karibu zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Moi. Kitivo chake cha Sayansi za Afya kilipowapokea wanafunzi wa kwanza wa udaktari mwaka 1990, mkuu wake mwanzilishi alikuwa Profesa Haroun Mengech, ambaye mwenyewe ni daktari wa magonjwa ya akili. Kitivo kiliweka mpango wa elimu na huduma katika jamii, unaojulikana kwa kifupi kama COBES. Mpango huo haumsubirishi mwanafunzi hadi mwaka wa mwisho. Mwanzoni huijua jamii. Halafu hutambua hali ya afya yake. Baadaye huandaa mpango wa utafiti na kuutekeleza. Hatimaye hufanya kazi katika huduma za afya za wilaya. Ngazi hizi zinaweza kuigwa na idara yoyote ya saikolojia, kwa sababu zinamtanguliza mwenyeji na kumchelewesha mtaalamu. Mwanafunzi hujifunza kuuliza kabla ya kujifunza kutibu.

Mfano wa pili unatoka Zimbabwe. Mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kuwatumia akina bibi waliopewa mafunzo kuwasikiliza watu wenye huzuni na wasiwasi, wakiwa wameketi kwenye mabenchi nje ya zahanati. Matokeo ya utafiti uliofanywa katika zahanati 24 za Harare yalichapishwa mwaka 2016, yakaonyesha kuwa waliohudumiwa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma za kawaida. Kwetu sisi wanafunzi wa lugha, jambo la kuvutia ni kwamba mradi huo haukuanza kwa istilahi ya kitabuni. Ulianza kwa neno la Kishona, *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Mswahili anayesema "nina mawazo" angelielewa bila mkalimani.

Mfano wa tatu ni wa Kenya. Mradi wa Shamiri huwatumia vijana waliomaliza shule ya upili kuviongoza vikundi vya wanafunzi wadogo wao. Utafiti uliowahusisha wanafunzi 413, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa walioshiriki kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Jina lenyewe, kushamiri, yaani kusitawi, ni la Kiswahili. Mwanafunzi wa sarufi atalikumbuka kupitia dhana ya shamirisho. Miradi hii miwili inaashiria kwamba lugha inayoeleweka inaweza kuwa sehemu ya tiba yenyewe.

4.0 Masuala ya Lugha Nyanjani

Chombo kinachotumiwa sana kuipima sonona ni hojaji ya maswali tisa iliyochapishwa mwaka 2001, iitwayo PHQ-9. Humuuliza mtu kuhusu majuma mawili yaliyopita, na kila jibu hupewa alama kati ya 0 na 3, jumla ikiwa 27. Hojaji hii imewahi kuchunguzwa magharibi mwa Kenya miongoni mwa watu wanaoishi na VVU, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Hata chombo kilichokwisha kuchunguzwa hutegemea kinywa cha anayekisoma. Tutazame masuala manne.

4.1 Maamkizi

Mswahili akiulizwa "habari?" hujibu "nzuri", hata kama ametoka matangani. Jibu hilo ni adabu. Si taarifa kuhusu hali yake. Taarifa hufuata baadaye, mara nyingi baada ya maneno kama "ila", "isipokuwa" au "tunasukuma tu". Mwanafunzi mwenye haraka huandika "hana tatizo" na kuondoka kabla ya "ila" kutamkwa. Anayeijua lugha hujua kwamba maamkizi ni mlango tu, na kwamba mama mwenye nyumba ataufungua kwa wakati wake.

4.2 Maswali kanushi

Mtafiti akiuliza "Je, hukulala vizuri jana?", mhojiwa anaweza kujibu "Ndiyo", akimaanisha "ndiyo, sikulala". Aliyezoea Kiingereza atasikia kwamba mtu huyo alilala. Neno moja limegeuza ukweli kuwa kinyume chake. Dawa ni rahisi: swali liulizwe kwa uyakinishi, na jibu lirudiwe kwa sentensi kamili.

4.3 Saa

Mtu akisema "huwa ninaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi", anataja saa tatu kabla ya mapambazuko. Kuamka mapema mno bila kuweza kulala tena ni dalili muhimu ya sonona. Mwanafunzi akiandika 9 kwenye fomu ya Kiingereza bila kugeuza, dalili hiyo itasomeka kama mtu aliyekuwa macho mapema usiku, nayo itapotea.

4.4 Msamiati wa hisia

Mwingereza mwenye huzuni husema kwamba anajisikia yuko chini. Ukitafsiri sisisi, msikilizaji atadhani unamuuliza kama ameketi sakafuni. Kiswahili kina njia zake: moyo mzito, kuvunjika moyo, kufa moyo, kujiinamia, kushika tama. Tama, yaani kuegemeza shavu kwenye kiganja kwa huzuni, lisichanganywe na tamaa. Tamaa nalo lina ncha mbili. Aliyekata tamaa amepoteza matumaini, lakini ukimwuliza mtu "je, huna tamaa?", anaweza kudhani unamsifu kuwa hana uroho na akakubali kwa furaha.

Hata jina la huduma yenyewe lina athari. Sisi husema "ushauri nasaha", na maneno yote mawili yanaashiria kuelekeza na kuonya. Anayekuja kupewa nasaha hutarajia kuambiwa la kufanya, ilhali mwanasaikolojia amefunzwa kusikiliza kwanza. Mwanafunzi asipolifafanua hilo mapema, mteja atakwenda zake akisema kwamba mtaalamu alikaa kimya tu.

5.0 Swali Lililo Gumu Zaidi

Swali la tisa la hojaji huuliza kama mtu amewahi kuwaza kwamba heri afe au kujidhuru. Kwa miaka mingi, swali hili nchini Kenya halikuwa la kitabibu tu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mwananchi aliyezoea kwamba jibu la kweli linaweza kumpeleka kituo cha polisi hatalitoa kwa mwanafunzi mwenye fomu. Hali huwa ngumu zaidi anapohojiwa uani, majirani wakianua nguo kando yake. Penye kuku wengi hapamwagwi mtama.

Kwa sababu hiyo, mambo matatu ni ya lazima. Kwanza, pawe na faragha, hata ikibidi kurudi siku nyingine. Pili, mwanafunzi asitoe hukumu ya ugonjwa wala asijifanye mtaalamu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2014 kuhusu washauri na wanasaikolojia inataka wanaotoa huduma hiyo wasajiliwe. Tatu, kabla ya kuuliza, ajue atampeleka wapi atakayejibu "ndiyo", na msimamizi wake apatikane siku hiyo hiyo. Kumfanya mtu aseme lililo zito kisha kumwacha nalo ni kumwongezea mzigo.

Ni vyema pia kukiri mipaka ya Kiswahili. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu walipokimbilia uwanja wa maonyesho wa Eldoret, kujua mtu anasema lugha gani ya nyumbani kulikuwa kujua kabila lake. Katika hali kama hiyo, Kiswahili huwa uwanja usioegemea upande. Hata hivyo, wapo wazee ambao huzuni zao hukaa katika Kinandi au Kikikuyu, na kuwalazimisha kusema Kiswahili ni kuwapokonya maneno. Mkalimani wa namna hiyo asiwe mtoto wa nyumba hiyo, kwani kuna mambo ambayo mzazi hawezi kuyasema kupitia kinywa cha mwanawe.

6.0 Mapendekezo na Hitimisho

Tunapendekeza kwamba idara za Kiswahili na za saikolojia vyuoni zishirikiane kabla ya wanafunzi kwenda nyanjani. Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuzipitia hojaji, kuzijaribu kwa wasemaji wa mitaa inayohusika na kukusanya misemo ya hisia wanayoisikia. Wenzao wa saikolojia watawafunza maadili ya kusikiliza. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali ya Kenya iliwazindua kwa wingi Septemba 2023, nao wahusishwe, kwa kuwa tayari wanazijua nyumba na wenyewe. Mwisho, matokeo yarudishwe kwa jamii katika baraza, kwa lugha waliyohojiwa nayo. Jamii inayotoa siri zake bila kupata kitu itafunga mlango kwa wanafunzi watakaofuata.

Mara nyingi sisi wanafunzi wa Kiswahili huulizwa taaluma yetu ina faida gani nje ya darasa. Jibu moja liko mitaani, pale mama anaposema "nzuri, ila…", na palipo na mtu anayejua kwamba anapaswa kunyamaza na kungoja.