Akili mnemba darasani: nianze wapi?

SWALI: Nafundisha shule ya msingi huku Laela. Nina mtoto mwenye ualbino asiyeona ubao vizuri, na mwingine kiziwi. Naambiwa akili mnemba itawasaidia. Nianze wapi?

JIBU: Mwalimu, mtoto mwenye ualbino hahitaji akili mnemba kwanza. Mketishe mbele, asitazamane na dirisha. Jua la huko kwenu Ufipa huumiza macho yake. Piga picha ubao, umpe simu aikuze mwenyewe. Akichoka kusoma, programu ya TalkBack iliyomo kwenye simu nyingi za Android itamsomea maandishi ya kidijitali.

Kazi kubwa iko kwa huyo kiziwi. Programu ya Live Transcribe ya Google, iliyotoka mwaka 2019, hugeuza maneno yako kuwa maandishi papo hapo, Kiswahili kikiwemo. Ijaribu kwanza na mtandao wa hapo kwenu, tena darasa likiwa na kelele zake za kawaida. Ukichomekea Kifipa, tegemea vioja. Lakini maandishi yana faida gani kwa mtoto ambaye hajajua kusoma? Aliyezaliwa kiziwi anahitaji Lugha ya Alama ya Tanzania, na watu wa kuongea naye kwa lugha hiyo. Hapo hakuna programu ya kuziba pengo. Mwone ofisa elimu maalumu wa halmashauri yako mapema.

Picha na taarifa za afya za watoto usizipakie kwenye programu yoyote bila ridhaa ya wazazi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, nayo inawahusu watoto hao pia.