Mahindi yavuke Namanga bila kulala mpakani

Unapeleka mahindi Kenya? Anza ghalani. Gari likikwama Namanga, mara nyingi tatizo lilipakiwa pamoja na mzigo.

Kausha kwanza. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Huna kipimo? Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi na kijiko cha chumvi kavu. Funga, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani, tena juu ya turubai. Isipoganda, usishangilie bado. Chupa inakwambia tu kwamba unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Azima kipimo umalizie.

Hapa sina utani, kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu unaomea kwenye mahindi yenye unyevu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili yake. Ilipofungua mlango, ikadai cheti kwamba sumukuvu haizidi 10 ppb (sehemu 10 kwa bilioni). Kwa macho huioni, kwa hiyo peleka sampuli maabara kabla ya kupakia. Chota kidogo kidogo kutoka magunia mengi, ya juu na ya chini. Gunia moja halisemei ghala zima.

Makaratasi yafanane. Kibali cha kusafirisha, cheti cha afya ya mimea cha TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu), ankara: jina, uzito na idadi ya magunia viwe vilevile kila mahali. Cheti kinasema 200, garini yapo 204? Utashusha uhesabu. Lumbesa nayo iache, inavuruga uzito wote.

Mzigo hauzidi thamani ya dola 2,000? Omba forodhani cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Hakina kazi kubwa, na ushuru wa forodha hutozwi. Vyeti vingine vinabaki palepale. Ukiona kishoka anakuja mbio na fomu mkononi, pita.

Namanga ni kituo cha pamoja, kwa hiyo ukitoka Tanzania unakamilisha pande zote mbili ukiwa upande wa Kenya. Dereva alijue hilo.

Mwisho, mnunuzi. Lazima awe na kibali chake cha kuingiza mahindi. Akikwambia “wewe njoo tu, tutaongea mpakani,” mwombe picha ya kibali kwenye simu kabla hujalipia mafuta.