Kiashiria cha Maradhi ya Ubongo Katika Mkojo: Mfano wa Lorugum

Mzee mfugaji wa Lorugum, magharibi mwa Lodwar, anapoanza kusahau njia ya kisimani na majina ya wajukuu, jamaa husema ni uzee. Je, kipimo cha mkojo kinaweza kubainisha kama ubongo wake unaugua? Makala haya yanalichunguza swali hilo.

DNA ina besi nne: adenini, guanini, sitosini na thimini. Guanini ndiyo huoksidishwa kwa wepesi zaidi. Seli inapozalisha nishati, hutokea pia kemikali kali za oksijeni ambazo huigeuza guanini kuwa oksoguanini, badiliko lililoelezwa na Wajapani Hiroshi Kasai na Susumu Nishimura mwaka 1984. Guanini hushikana na sitosini. Ikishaoksidishwa huweza kushikana na adenini, na ujumbe wa urithi ukapotoka. Kimeng'enya OGG1 huing'oa besi hiyo, na mabaki ya DNA iliyooksidishwa hutoka katika mkojo. Ubongo hutumia takribani asilimia 20 ya oksijeni ya mwili, na seli nyingi za neva hazizaliwi upya. Ndiyo maana oksoguanini imepatikana kwa wingi katika bongo za waliofariki wakiugua Alzheimer na Parkinson.

Hata hivyo, moshi hauonyeshi ni nyumba ipi inayoungua. Kiwango hicho hupanda pia kwa sababu ya kisukari, saratani na uvutaji wa tumbaku. Isitoshe, utafiti wa jenomu za Waturkana uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Science ulihusisha jeni STC1 na uwezo wao wa kuhifadhi maji kwa kukoleza mkojo. Mkojo uliokolea huongeza kipimo. Kwa hiyo maabara hukilinganisha na kreatinini. Lakini kreatinini hutokana na misuli na huongezwa na ulaji wa nyama. Mzee aliyekonda huitoa kwa uchache, hivyo uwiano wake huonekana mkubwa hata ubongo ukiwa mzima.

Ni dhahiri basi kwamba oksoguanini ni dalili ya uharibifu, si jina la ugonjwa. Kwa Lorugum, viwango vya kulinganishia havina budi kutokana na wakazi wenye afya wa huko huko, na kipimo kiandamane na uchunguzi wa kumbukumbu katika lugha ya mgonjwa. Kwa sasa, jamaa wampeleke mzee hospitalini mapema: usahaulifu unaosababishwa na maambukizi, upungufu wa maji au wa vitamini B12 hutibika.